Jiko Lililosubiri Jua

Moshi ulionekana saa sita kasorobo mchana, Alhamisi tarehe kumi na mbili Machi. Aliyeuona wa kwanza alikuwa Habbo Cordes, mtu ambaye katika kijiji kizima cha Hammsiel hakuna linalompita. Ulikuwa ukitoka kwenye dirisha la jikoni la jirani yake, Mwalimu Almuth Reershemius, mjane wa miaka themanini na mmoja. Habbo akapiga simu kwa wazimamoto, halafu kwa polisi, halafu kwa dada yake ili naye asikose habari.

Inspekta Okka Eilts alifika saa sita na dakika tano. Wazimamoto wa kujitolea walikuwa tayari wanakunja mipira yao ya maji, kwa sababu moto wenyewe haukuwepo. Kulikuwa na sufuria tupu iliyoungua ikawa nyeusi tii, juu ya jiko la umeme lililokuwa limefunguliwa hadi namba tisa. Dirisha lilikuwa wazi kiasi cha kiganja. Vitambaa vya kufutia vyombo, ambavyo Okka alivijua tangu zamani kwamba huning'inia juu ya jiko, vilikuwa vimekunjwa kwenye kiti upande wa pili wa chumba. Paka alikutwa kwenye chumba cha kufulia, mlango umefungwa, bakuli la maji mbele yake. Okka aliandika yote kwenye daftari. Hakuona maana yake bado, lakini kuandika hakugharimu kitu.

Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Habbo ndiye aliyewafungulia wazimamoto, kwa ufunguo wa akiba ambao majirani wa Hammsiel huachiana.

"Mara ya tatu hii, Inspekta," Habbo alisema, mikono mifukoni. "Wiki mbili zilizopita oveni. Wiki iliyopita pasi. Leo sufuria. Bibi kala chumvi nyingi, tukubali tu."

"Alikuwa wapi?"

"Kwaya. Kila Alhamisi. Gari la kwaya linamchukua saa tatu na dakika arobaini, linamrudisha saa sita na dakika ishirini. Weka saa yako kwa hilo gari."

Na kweli, saa sita na dakika ishirini gari likasimama. Mwalimu Almuth alishuka na faili la nyimbo kwapani, akatazama gari la wazimamoto, akatazama dirisha. Hakupiga kelele wala hakuuliza kumetokea nini. Aliingia jikoni, akaishika ile sufuria, akairudisha.

"Sikupika leo asubuhi," alisema. "Nilikunywa chai, nikala mkate na jibini. Hili jiko sikuligusa."

"Mama!" Sauti ilitoka mlangoni. Wiebke, binti yake wa pekee, mfamasia wa miaka hamsini na minne, alikuwa anahema. Anaishi mjini, kilomita thelathini. "Mama, tena? Nimetoka kazini mbio, Habbo kanipigia. Inspekta, unaona mwenyewe. Jumatatu hakimu anakuja na daktari. Kama leo haitoshi, sijui wanataka nini tena. Wangoje aungue?"

Okka alijua habari ya Jumatatu, kijiji kizima kilijua. Wiebke alikuwa ameomba mahakama imteue awe msimamizi wa kisheria wa mama yake. Hakimu akikubali, mama atahamishiwa nyumba ya wazee mjini, karibu na duka la dawa la Wiebke, na hii nyumba ya matofali mekundu nyuma ya boma la kuzuia bahari itafungwa.

Simu ya Wiebke ililia mlio mfupi. Aliitazama, akabonyeza mara mbili bila kufikiri. "Samahani. Betri ya sola nyumbani kwangu imejaa, nilikuwa nawasha mashine ya kufulia. Tulikuwa tunasema nini?"

Kusema kweli, Okka alikuwa upande wa binti. Polisi wa kijijini huona wazee wengi wakichelewa kukubali kwamba wamechoka, na huona pia yanayofuata. Aliagana nao, akawa ameshika kitasa, ndipo Mwalimu Almuth akamwita.

"Okka. Nilikufundisha hesabu miaka minne."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Niliwahi kukwambia jambo bila kukuonyesha hesabu yake?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi rudi saa tisa, unywe chai. Mtu anaingia nyumbani kwangu."

* * *

Saa tisa kamili Okka alikuwa mezani, sukari ya mawe ikipasuka chini ya chai ya moto, krimu ya maziwa ikipanda juu kama wingu. Wiebke alikuwa ameshaondoka. Mwalimu hakuzungumza mpaka kikombe cha kwanza kiishe, kwa sababu kuna mambo hayafanywi. Halafu akamchukua Okka hadi kwenye stoo ya chakula.

Kati ya viazi na chupa za juisi ya tofaa, ukutani, lilikuwepo kabati jeupe la chuma, urefu wa kifuani, kimya kabisa, na kioo kidogo chenye mwanga wa kijani.

"Hii ndiyo betri. Mume wangu Hinderk aliifunga mwaka mmoja kabla hajafariki. Paneli za juu ya paa zinafanya kazi mchana, lakini mimi na taa zangu tunaishi jioni. Zamani umeme wa mchana tuliusukuma nje kwa bei ya kutupa, jioni tukaununua tena kwa bei ya kulia. Mume wangu alikuwa anaona uchungu. Sasa kinachobaki mchana kinaingia humu, na jioni ninakitoa. Tangu Aprili hadi Septemba sinunui umeme wa nje hata chembe."

"Hata chembe?"

"Wiki moja ya Juni ilikuwa na mvua. Hiyo usinikumbushe."

Okka alicheka. Yeye kwake alikuwa anawasha vitu na kulipa bila kuangalia. Mwalimu akaendelea, na sauti yake ikawa ile ya ubaoni. Nguo hufuliwa jua likiwa juu. Mkate huokwa adhuhuri. Pasi hupigwa baada ya betri kujaa, si kabla, kwa sababu anayekula betri asubuhi anajinyima jioni. Miaka themanini na moja, na alikuwa anaiendesha nyumba kama nahodha anavyoendesha meli. Okka alianza kujiuliza ni nani hasa aliyemwona mwanamke huyu amechanganyikiwa.

"Na nyumba inaandika," Mwalimu alisema. "Kila dakika, imekula umeme kiasi gani. Ona."

Alimpa karatasi aliyoichapisha kwenye kompyuta yake. Mstari mmoja mwekundu ulipita katikati. Tangu saa tatu na dakika arobaini, gari la kwaya lilipoondoka, mstari ulilala chini kabisa: jokofu, na kitu kingine kidogo. Saa tano na dakika ishirini na sita ukaruka juu ghafla, kilowati mbili, ukabaki huko mpaka wazimamoto walipozima jiko.

Okka aliufuata mstari kwa kidole. "Ulipotoka jiko lilikuwa limezimwa."

"Saa moja na dakika arobaini na sita baadaye likawashwa. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya wanawake ishirini na wawili, naimba."

"Jiko bovu?"

"Swichi yangu inabonyezwa halafu inazungushwa. Linataka mkono. Na oveni nayo ilikuwa bovu? Na pasi nayo ilijitoa kabatini?"

Mwalimu alikuwa na karatasi mbili nyingine. Oveni: tarehe ishirini na sita Februari, saa nne na dakika hamsini na mbili. Pasi: tarehe tano Machi, saa sita kasoro dakika ishirini. Zote Alhamisi, zote akiwa kwaya.

Okka alihisi aibu ya mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi. Kosa lilikuwepo, mkosaji alikuwepo, na yeye alikuwa tayari kumsindikiza mwathirika hadi nyumba ya wazee. Alipokunja zile karatasi aligundua kitu kimoja. Zote tatu zilikuwa fupi, chini zimekatwa kwa mkasi.

"Huku chini palikuwa na nini, Mwalimu?"

"Maneno ya mashine tu. Hayana kazi." Akamjazia kikombe. "Kunywa, itapoa."

* * *

Ufunguo wa nyumba ile walikuwa nao watu watatu. Ijumaa asubuhi Okka aliwazungukia.

Habbo Cordes alimpokea zizini, saa mbili na nusu.

"Mimi? Niwashe pasi ya bibi kizee? Inspekta, nina ng'ombe sitini."

"Ulitaka kuinunua nyumba yake, upangishe watalii. Umemwomba mara mbili."

"Mara nne! Na mara nne kanifukuza. Sasa ndiyo nimchome? Nikimchoma nanunua nini, majivu?" Akatema mate pembeni. "Jana tangu saa tatu nilikuwa nasafisha mtaro na vijana wa bodi ya maji. Waulize. Moshi niliuona nikiwa juu ya trekta."

"Na hizo paneli zake? Nasikia zinakukera."

"Zinanimulika machoni kila nikienda chooni. Mambo ya sola mimi siyajui na sitaki kuyajua. Umeme unatoka ukutani, basi."

Vijana wa bodi ya maji walithibitisha. Habbo hakuondoka mtaroni mpaka moshi ulipoonekana.

Swantje Folkerts, msaidizi wa kazi za nyumbani, alikuwa na ugumu zaidi. Alikuja kwa Mwalimu Jumanne na Ijumaa, Alhamisi alikuwa huru, na hakuwa na shahidi.

"Nililala," alisema. "Siku yangu ya mapumziko, nalala. Niandikie na hilo."

"Mnagombana na Mwalimu."

"Nani hagombani naye? Nikiwasha mashine ya vyombo saa mbili asubuhi, ananijia juu: 'Swantje, jua halijatoka!' Nikipiga vumbi kwa mashine, 'Swantje, betri iko asilimia ishirini!' Mimi nina nyumba tatu kwa siku, Inspekta. Siwezi kungoja mawingu yapite. Kwangu umeme ni umeme." Halafu akapoa. "Lakini akipelekwa kule mjini nitalia. Yule bibi ana akili kuliko mimi na wewe. Nimemwambia hivyo na daktari wake."

Wa tatu alikuwa Wiebke, na Okka hakutaka kumwuliza moja kwa moja. Alipiga simu kwenye duka la dawa, akajifanya mteja.

"Dada Wiebke Alhamisi? Alhamisi huingia saa nane mchana," mwenzake alijibu. "Asubuhi hayupo kamwe."

Nimetoka kazini mbio, alisema. Okka aliweka simu chini taratibu. Huo ulikuwa uongo mmoja, na uongo mmoja hautoshi kumkamata mtu. Watu hudanganya kwa sababu nyingi.

Lililomsumbua zaidi ni saa. Nyumba ilikuwa tupu tangu saa nne kasoro dakika ishirini. Mwenye nia mbaya angeingia, angewasha, angetoka. Huyu alisubiri mara moja zaidi ya saa nzima, mara nyingine karibu saa mbili, ndani ya nyumba ambayo jirani yake ni Habbo Cordes. Alisubiri nini?

Saa saba mchana Okka alirudi kwa Mwalimu, akasema amesahau kalamu stoo. Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu kidogo, akampisha. Okka aligusa kioo cha betri kama alivyomwona yeye akifanya, akarudisha tarehe nyuma. Chini ya mstari mwekundu ilikuwepo mistari mingine miwili, ile iliyokatwa na mkasi. Wa njano ulikuwa wa jua. Wa kijani ulikuwa wa betri.

Tarehe kumi na mbili, ukungu hadi saa nne. Jua likatoka, kijani kikapanda, na saa tano na dakika ishirini na tano kikafika asilimia mia. Dakika moja baadaye jiko likawashwa. Tarehe tano, mvua asubuhi, betri ikajaa saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Pasi dakika mbili baadaye. Tarehe ishirini na sita, anga safi tangu alfajiri, betri ikajaa mapema, saa nne na dakika hamsini. Oveni saa nne na dakika hamsini na mbili.

Aliyeingia alikaa akaisubiri betri ijae. Alitaka uovu wake ulipwe na jua la ziada, bibi mwenye nyumba asije akakosa taa jioni.

Okka alishusha pumzi. Habbo hajui umeme unatoka wapi. Swantje hangoji mawingu. Mtu huyu alifungua dirisha moshi utoke, akasogeza vitambaa, akampa paka maji. Na Mwalimu, ambaye anaisoma mistari hii kila siku ya Mungu, alichukua mkasi.

* * *

Wiebke alifika saa tisa, kwa sababu Okka alimwita. Walikaa watatu jikoni, harufu ya sufuria bado ukutani. Mwalimu alimimina chai.

"Alhamisi unaingia kazini saa nane mchana," Okka alianza.

Wiebke alishika kikombe. "Basi? Nilisema vile kwa sababu nilichanganyikiwa."

"Tarehe kumi na mbili ulikuwa humu tangu saa ngapi?"

"Sikuwa humu."

"Jana, mbele yangu, simu yako ililia ukawasha mashine ya kufulia. Hukuwaza hata kidogo. Betri imejaa, mkono ukaenda."

"Kila mwenye sola anafanya hivyo!"

"Ndiyo. Na aliyewasha jiko hili naye alifanya hivyo. Mara tatu. Hakuna hata mara moja aliyewasha kabla betri haijafika mia." Okka aliweka mezani karatasi tatu mpya, nzima, zenye mistari yote. "Mwenye kumchukia mama yako angewasha saa nne. Wewe ulikaa humu ukatazama kioo cha betri, ukangoja. Uliona huruma kumlia umeme wake wa jioni, Wiebke. Hukuona huruma kumlia akili yake."

Wiebke alizitazama karatasi, akamtazama mama yake, na ndipo Okka alipomwona akielewa jambo lililomhusu mama yake.

"Mama. Hizi unazisoma kila siku."

"Kila siku," Mwalimu alisema.

"Ulijua."

"Tangu oveni. Nilikata chini kwa mkasi. Nilitaka Okka ajue kwamba si mimi. Sikutaka ajue kwamba ni wewe."

Hapo Wiebke alilia, kilio kibaya cha mtu mzima asiyezoea. Maneno yalitoka vipande vipande. Baba alianguka kwenye chumba cha kufulia Alhamisi moja, mama yuko kwaya, akalala sakafuni kwa muda wa saa mbili peke yake. Tangu siku hiyo yeye hajalala vizuri. Simu yake inaona mistari ya nyumba hii, kwa sababu baba alimuunganisha. Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, anaangalia.

"Naangalia birika lako, mama. Mstari unaruka, dakika tatu. Nikiuona, najua umeamka. Najua uko hai, ndiyo naamka na mimi. Halafu Februari, siku ile, saa moja hakuna. Saa mbili hakuna. Simu hupokei. Niliendesha kilomita thelathini kwenye barafu nikijiambia nakuja kukuosha maiti. Nikakukuta kitandani na kitabu!"

"Nilikuwa na mafua. Na kitabu kilikuwa kizuri."

"Nilikuomba uje mjini, ukacheka. Nilikuomba mara ngapi? Nikaona, nikiomba tena utacheka tena. Nikaona bora unichukie ukiwa karibu."

"Sikuwa nakuchukia," Mwalimu alisema polepole. "Nilikuwa nakuogopa. Wiki mbili, Wiebke. Natoka kwaya nikitetemeka, nawaza leo nitakuta nini. Kuna usiku mmoja nilishika swichi ya jiko mara tisa, nikawa sijiamini hata mimi. Unajua ni kitu gani kumfanyia mama yako?"

Wiebke aliitikia kwa kichwa kwamba anajua sasa.

Okka alifunga daftari. Angeweza kusema mengi juu ya wazimamoto walioitwa bure na mahakama iliyodanganywa, na mengine angeyaandika kweli. Lakini mwenye haki ya kusema la kwanza alikuwa yule mwalimu wake, aliyekaa wima kwenye kiti chake, katika nyumba yake, na akili zake zote timamu zikiwa zimethibitishwa kwa hesabu. Okka alimpenda mno saa ile.

"Ufunguo," Mwalimu alisema.

Wiebke aliutoa kwenye shada lake la funguo, kucha zikimsumbua, akauweka mezani.

"Ukitaka kuingia, utabonyeza kengele kama watu. Na Jumatatu hakimu akija, utamwambia wewe, kwa mdomo wako mwenyewe, mbele yangu na mbele ya Okka."

"Nitamwambia."

"Yote."

"Yote, mama."

Mwalimu aliuchukua ufunguo, akautia mfukoni mwa sweta. Alimtazama binti yake, macho yaliyovimba na mvi zilizoanza pembeni, na uso wake ukalegea kidogo.

"Kesho saa moja asubuhi," alisema, "nitachemsha birika mara mbili. La kwanza la chai yangu. La pili ni lako. Ukiliona kwenye simu, ujue nimeamka, na nimekukumbuka."

Wiebke alifuta pua kwa kiganja. Mazoea ni kitu kigumu, hata katikati ya machozi.

"Lakini mama, saa moja jua halijapanda. Utakuwa unakula betri."

"Sasa betri," Mwalimu Almuth aliuliza, "tuliiweka ya nini?"